Saa ya Stesheni na Mchwa wa Kocholia

Saa ya kwanza ilivuka mpaka wa Malaba juu ya bodaboda, imefungwa kwenye blanketi, huku ikilia. Baba watoto alikuwa ameinunua Tororo, kwa familia ya karani wa reli aliyestaafu zamani, na muuzaji akamshauri atoe pendulamu isije ikavunjika njiani. Ushauri mzuri, ila springi ilikuwa imejaa. Saa kama hii ikiondolewa pendulamu hakuna tena cha kuizuia, inakimbia tu: tiki-tiki-tiki-tiki, bila pumzi. Ofisa aliyekuwa akikagua mizigo alisikia blanketi likitikatika, akarudi nyuma, na foleni nzima ya akina mama wa nyanya na mitumba ikarudi pamoja naye. Blanketi likafunguliwa chini, polepole. Ulipochomoza uso mweupe wenye namba za Kirumi, muuza samaki mmoja akatamka neno la Kiteso lililovunja watu mbavu, na baba watoto akapita.

Nieleze saa yenyewe, maana yote yaliyofuata yametoka kwake. Uso wake ni bamba la chuma lililopakwa rangi nyeupe, upana inchi 12, chini ya kioo kilichobinuka na pete ya shaba. Fremu ni mahogani iliyochongwa duara. Nne yake imeandikwa kwa vijiti vinne, IIII, jinsi mafundi wengi wa zamani walivyopenda. Katikati mna herufi K.U.R., yaani Kenya and Uganda Railway, reli iliyounganishwa na ya Tanganyika mwaka 1948, kwa hiyo saa ni kongwe kuliko muungano huo. Njia ya reli inayopita hapa Malaba ilifika Kampala mwaka 1931, na saa za aina hii ndizo zilizotundikwa stesheni ili treni na abiria wakubaliane.

Uzuri wake mkubwa uko ndani. Springi iliyojaa huvuta kwa nguvu, ikilegea huvuta kwa unyonge; ikiachwa hivyo, saa itakimbia Jumapili na kuchechemea Ijumaa. Saa za Kiingereza hulitatua hilo kwa pia ya shaba yenye mifereji, ambayo uzi kutoka kwenye pipa la springi huizunguka. Springi ikiwa na nguvu, uzi huvuta palipo pembamba. Ikichoka, uzi umeshafika palipo panene, ambapo nguvu kidogo yatosha. Magurudumu hupokea nguvu ile ile wiki nzima kwa kutiwa ufunguo mara moja tu. Anayetaka kununua aulize kwanza habari ya hiyo pia, kwa sababu saa nyingi zinazouzwa huku kwa jina la Kiingereza zilitoka Marekani au Ujerumani, na hizo kwa kawaida hazina.

Uzi wa asili ulikuwa wa utumbo wa mnyama, na ulikuwa umeoza. Fundi mmoja wa Busia akaubadilisha kwa nailoni ya wavuvi wa Sio Port. Nailoni huvutika. Ikavutika kidogo kidogo hadi usiku mmoja wa mvua ikakatika, springi ikafyatuka yote kwa mpigo, na kishindo kikatutoa kitandani. Huku mpakani kishindo cha usiku kina maana yake. Jirani wa kwanza alikuja na tochi na panga, wa pili akaja kuuliza kama magendo yamekamatwa, na shemeji alikuwa tayari chini ya kitanda na watoto wawili kwapani. Mpaka kunapambazuka tulikuwa tumepika chai ya watu kumi na kitu, na kila mmoja ameoneshwa uzi uliokatika. Baada ya hapo baba watoto alifunga safari ya Nairobi kwenda kutafuta waya mwembamba wa chuma uliosukwa. Waya huo hadi leo haujatusumbua.

Kisha ukaja ugomvi wa jua. Tata, bibi yake baba watoto, hupima wakati kwa kivuli cha mwembe, na alisema wazi kwamba saa ile inadanganya: ikionyesha saa sita mchana, jua bado halijafika utosini. Baba watoto akapandisha skrubu ya pendulamu, akaishusha, akaipandisha tena. Lakini Tata alikuwa anasema kweli. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo ya 45, inayopita karibu na Mogadishu, nasi tuko kwenye 34 na ushei. Kila digrii moja ni dakika nne za jua. Hesabu yake ni kwamba jua la hapa kwetu Kocholia hufika juu ya vichwa vyetu karibu saa saba kasoro robo. Serikali ya kikoloni yenyewe iliwahi kuiweka Kenya saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, baadaye saa mbili na dakika 45, ndipo ikatua kwenye tatu. Hesabu ilipoelezwa, Tata akasema, "Basi iambieni Mogadishu irudishe dakika zetu," akaenda shambani kwa kivuli chake.

Wakati huo ukuta wa sebule ulikuwa umeshapata saa ya pili, yenye mkia mrefu na kidirisha cha kuchungulia pendulamu, na ya tatu, ndogo, ya ofisini. Wageni wengine waliuliza nyumba moja inazifanyia nini saa tatu. Mimi huwajibu kwamba kupamba ukuta kwa saa hakukuanzia kwetu. Sayyida Salme, binti wa Sultani aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 anaeleza vyumba vya kwao vyenye vioo vikubwa, vyombo vya kauri na saa. Ukuta wenye saa ni ukuta uliovaa. Na hizi za Kiingereza zina jambo ambalo picha ya kalenda haina: zinapumua, na mtu akiingia kwenye nyumba tupu anakuta zinamngoja.

Siku ya maafa tulikuwa na wageni wa heshima, wazee waliokuja kuzungumzia ng'ombe wa mahari ya shemeji. Chungu cha ajon, pombe ya wimbi, kilikuwa katikati, mirija mirefu imeinama kutoka kila kiti, na mazungumzo yalikuwa yamefika mahali pazuri. Hapo ndipo saa ya stesheni ilipong'oka ukutani. Iligonga mkono wa kiti cha mzee mmoja, ikapangusa mirija, ikatua sakafuni kando ya chungu, uso juu, kioo kizima. Msumari ulibaki ukutani, imara kama siku ulipopigwa, na juu yake lilining'inia bamba dogo la chuma la kutundikia, likiwa peke yake.

Tulipoigeuza tukaona. Fremu ya mahogani haikuguswa. Sanduku la nyuma, la mbao laini ya msonobari, lilikuwa karatasi tupu: rangi nje, ndani udongo na njia. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka msingini hadi nyuma ya saa, mahali pasipofagiwa wala kupigwa na mwanga, wakala sanduku lote. Shaba na chuma waliviacha, na mitambo ilikuwa bado inatembea.

Tata ndiye aliyeeleza sababu. Mvua zikianza, watoto wa huku huketi kando ya kichuguu na kugonga vijiti ardhini, ko-ko-ko, kumbikumbi wadhani ni mvua, watoke, waliwe. "Ninyi," akasema mbele ya wazee, "mmewagongea usiku na mchana mwaka mzima, tena saa tatu. Mlitaka waende wapi?" Sijasikia kwa mtaalamu yeyote kwamba mlio wa saa huita mchwa. Najua kwamba mchwa husikia mtikisiko kwa miguu, na kwamba askari wao hugonga vichwa kutoa onyo. Wazee walikubaliana na Tata bila kura, mirija ikapangwa upya, na ng'ombe wakaongezeka wawili, kwa kuwa upande wetu ulikuwa umetishia maisha ya mgeni.

Baba watoto akataka sumu imwagwe kwenye kichuguu kilicho nyuma ya jiko. Hapo nyumba ikagawanyika. Kichuguu kile kimelisha watu wa boma hili tangu Tata alipoolewa. Kumbikumbi wake hukaangwa, huanikwa, husagwa na kuliwa na ugali wa wimbi na muhogo. Tata alibeba kigoda chake akaketi mbele ya kichuguu, na chakula cha mchana akaletewa pale pale. Nilisimama upande wake, na bado niko upande huo. Ubao ukiliwa hubadilishwa, lakini kichuguu chenye malkia aliye hai hakuna fundi wa kukitengeneza.

Dawa iliyopatikana ni mvule. Seremala wa Amagoro alitengeneza sanduku jipya la mti huo, ambao mchwa huuogopa, akalishika kwa vigingi vinne vya mbao kama lilivyokuwa la zamani, bila gundi wala msumari. Kila saa sasa inaning'inia kwenye pini mbili za chuma, imeachana na ukuta kiasi cha kupitisha kiganja, na watoto hupitisha ufagio nyuma yake kila Jumamosi. Pima maji ilitumika mara nyingi, maana saa ya pendulamu ikiinama kidogo mlio wake huchechemea, kisha husimama. Shemeji ameoa kwa ng'ombe wanaotosha. Saa ya nne imepatikana Jinja, pia yake nzima, uzi wake mbovu. Nimeshaichagulia ukuta wa barazani, na Tata ametaka iwekwe kwa saa ya mwembe wake, dakika 43 nyuma ya Mogadishu. Tumekubali.