Hamsta Aliyekataa Kuwa Mweupe

Hamsta wa Campbell hageuki mweupe wakati wa baridi, hata abembelezwe vipi. Hilo lilithibitishwa Desemba iliyopita, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Ujerumani, mbele ya wageni sita, keki, na mtoto wa miaka minane aliyekwisha kuwatangazia wenzake wa darasani kwamba wataona muujiza. Kitambaa kilichofunika kizimba kikafunuliwa. Mnyama alikuwa na rangi ileile ya vumbi aliyonunuliwa nayo Agosti, anatafuna mbegu ya alizeti.

Muujiza wenyewe upo, ila ni wa binamu yake, hamsta wa Djungaria, aliyeelezwa na mwanasayansi Pallas mwaka 1773. Asili yake ni nyika za Kazakhstan na kusini-magharibi mwa Siberia. Kinachomgeuza hasa si baridi, ni urefu wa usiku. Ndani ya ubongo kuna tezi ndogo inayomwaga melatonini gizani, na mwanga ukiingia jichoni huikatiza. Usiku ukirefuka, melatonini hukaa damuni saa nyingi zaidi, na mwili huzihesabu saa hizo kama mtu anayehesabu siku za mshahara. Hesabu ikitimia, manyoya mapya huota meupe, uzito hupungua, hamu ya kuzaa huisha. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Lakini hamsta wa Djungaria anayekaa sebuleni penye taa na televisheni mpaka saa sita usiku hana habari kwamba Desemba imefika, naye anaweza kubaki wa kijivu mwaka mzima.

Mnunuzi aliyasoma haya yote akayaamini. Alichosahau ni kuhakikisha kwamba mnyama ni yule. Kuanzia Oktoba taa za sebuleni zikawa zinazimwa saa kumi na moja jioni. Familia ikala ugali kwa tochi ya simu, na mguu wa meza ukaumiza kidole kilekile mara tatu. Mwenye nyumba alipoulizwa na jirani kama ameshindwa kulipa umeme, alijibu kwamba ni utafiti.

Siri ilitobolewa na mgeni mmoja, tena kwa upole, jambo linalouma zaidi. Aliinama juu ya kizimba akauliza, “Huyu si Campbell?” Na kweli, wawili hawa hutofautishwa vizuri zaidi wakitazamwa kwa juu. Mstari wa mgongoni wa Campbell ni mwembamba, kama uliochorwa kwa penseli iliyochongwa leo. Wa Djungaria ni mpana na mweusi zaidi, na hunenepa unapofika kichwani. Djungaria akijikunja ana umbo la yai, masikio yake kama yamewekwa kwa kusahau. Campbell ana uso mwembamba kidogo na masikio yanayojitokeza. Ubavuni mwa Campbell, kati ya mgongo wa kijivu na tumbo jeupe, hupita ukingo wa rangi ya malai. Wafugaji wamempata pia katika rangi nyingi, mojawapo nyeupe kabisa yenye macho mekundu. Kwa hiyo hamsta mweupe mwezi Julai huenda akawa Campbell.

Majina nayo yamechangia. Campbell alipewa jina lake mwaka 1905, lakini kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa aina tu ya Djungaria, na vitabu vya zamani vinamwita hivyo. Hilo linasameheka. Lisilosameheka ni duka kuwaweka wote tundu moja chini ya kibandiko “hamsta mdogo wa Kirusi”, kwa hoja kwamba mteja haoni tofauti. Wanyama hawaoni tofauti pia, hupandana. Jike la Djungaria likipata mimba ya dume la Campbell, vijusi hukua kupita kiasi, na mara nyingi mama hufa akishindwa kuzaa. Wanaozaliwa kwa upande wa pili wa mchanganyiko huwa na mistari ya kati kwa kati isiyosomeka kwa jicho, na kizazi kinachofuata kinauzwa kwa kibandiko kilekile.

Madume na majike hutofautishwa kwa umbali kati ya matundu mawili ya nyuma. “Dada wawili” wa duka hilohilo walizaa watoto saba.

Hamsta wa Roborovski, wa majangwa kama Gobi, ndiye mdogo kuliko wote: urefu wa sentimita tano hivi, hana mstari mgongoni, na ana nyusi nyeupe. Kumtambua ni rahisi. Kumshika ni kazi nyingine. Mmoja yuko nyuma ya friji tangu Jumanne.

Hamsta wa Kichina si wa jenasi ya hao watatu, huitwa mdogo kwa sababu ya ukubwa wake tu. Ana mkia unaoonekana, wa sentimita mbili hivi, na kwa ajili ya mkia huo mmoja alirudishwa dukani akidaiwa kuwa panya.