Uainishaji wa Viungo vya Bandia na Watu Walioshonwa Navyo

Wataalamu wa mifupa wameandika mengi kuhusu nyonga na goti la bandia: chuma chake, plastiki yake, saruji inayokishikilia chuma kwenye mfupa. Kuhusu mtu aliyeshonwa navyo wameandika machache zaidi. Utafiti huu, uliofanyika kwenye mabenchi ya kliniki, vibaraza vya misikiti na kumbi za harusi bila kibali cha kamati yoyote, unakusudia kuziba pengo hilo.

Tuanze na msingi. Nyonga ya kisasa ilizaliwa katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, Novemba 1962, John Charnley alipoachana na Teflon, iliyokuwa ikisagika ndani ya wagonjwa wake, akahamia plastiki ngumu ya polietilini. Swali likawa: itadumu? Sweden ikafungua rejesta ya magoti mwaka 1975, ya nyonga mwaka 1979. Malawi nayo ikaanzisha yake mwaka 2005. Uchambuzi uliotolewa na jarida la Lancet mwaka 2019 ukafunga hesabu: baada ya miaka 25, magoti 82 katika kila 100 yaliyobadilishwa kikamilifu bado yapo, na nyonga 58. “Yapo” hapo ina maana moja tu, kwamba mwenyewe hajarudishwa mezani kuwekewa jingine. Mengine yote tumeachiwa sisi. Tumepata ngeli tano.

Ngeli ya I: Wasahaulifu. Anapanda daladala, anashuka, ukimuuliza hali ya goti anajibu, “Goti lipi?” Mwaka 2012 ilichapishwa hata mizani inayompa alama za juu mgonjwa aliyekwisha kusahau kiungo chake. Kasoro ya mizani hiyo iko wazi: ukimuuliza, umeshamkumbusha.

Ngeli ya II: Wahubiri. Hutambulika kwa suruali iliyokunjwa hadi pajani mbele za watu. “Gusa hapa. Usiogope, gusa.” Ina spishi mbili: waliofanyiwa Muhimbili, na waliosafiri hadi India. Ukiwakalisha meza moja harusini, watakubaliana juu ya pilau tu.

Ngeli ya III: Wapimapembe. Huyu wa nyonga aliambiwa kwamba wiki za mwanzo asikunje zaidi ya nyuzi 90, asipishanishe miguu, asikalie kigoda, kichwa cha nyonga kisije kikachomoka. Wiki zilipita, ikapita na miaka, na hadi leo anakwenda matangani na kiti chake kwapani. Mwenzake wa goti hukunja nyuzi 110 au 120 hivi akibahatika, ilhali kuchuchumaa kunataka zaidi. Ndiyo maana, katika nyumba nyingi, historia ya choo cha kukalia huanzia siku bibi alipotoka hospitali. Dodoso la Oxford kuhusu goti lina maswali 12, na mojawapo ni kama unaweza kupiga magoti na kuinuka tena. Mwislamu anayetimiza swala tano huulizwa swali hilo mara 34 kwa siku, kila anapokwenda sijida. Jibu lake linaonekana mwisho wa safu: kiti cha plastiki, na mtu anayeinamisha kichwa akiwa amekaa. Si kwamba daktari amekataza. Ngozi kando ya kovu imekufa ganzi, na mwenyewe haamini kilichomo ndani.

Ngeli ya IV: Picha-nzuri. Hii ndiyo iliyotusumbua zaidi. Kwa makadirio ya tafiti nyingi, takriban mtu mmoja kati ya watano waliobadilishiwa goti hubaki hajaridhika. Chuma kimekaa sawasawa, mfupa umeshika, usaha hakuna. Daktari anainua eksirei kwenye mwanga.

“Mama, picha yako nzuri sana.”

“Mwanangu, picha sikuja nayo mimi. Nimekuja na goti.”

Wote wawili wamesema kweli. Tatizo ni kwamba rejesta ilimsikiliza mmoja. Kwa kuwa mama hajapasuliwa tena, yumo ndani ya wale 82.

Ngeli ya V: Wenye miadi. Vitabu vinamtarajia mzee ambaye gegedu limesagika kwa umri. Kwetu foleni hiyo ina pia kijana wa miaka 28 ambaye selimundu imekata damu kwenye kichwa cha fupa la paja hadi kikafa. Takwimu ileile haisomeki namna moja kwa hawa wawili. Kwa mzee wa miaka 75, miaka 25 ni zaidi ya anayoiomba kwa Mungu. Kwa kijana ni tarehe ya kurudi mezani, mfupa ukiwa umepungua na kazi ikiwa ngumu kuliko mara ya kwanza.

Kutokana na matokeo haya tunapendekeza jambo moja lisilohitaji mashine. Kabla ya kisu, mgonjwa aulizwe: goti hili unalitaka kwa kazi gani? Kusujudu, kupalilia, kupanda ghorofa ya tatu, kulala usiku bila dawa? Jibu liandikwe kwenye faili kwa maneno yake, aambiwe papo hapo lipi linawezekana na lipi halimo, kisha baada ya miaka kumi apimwe kwa jibu hilo. Hilo lisipofanyika, takwimu zitaendelea kuwa sahihi kabisa, na mama wa ngeli ya IV ataendelea kuchechemea miongoni mwa waliofaulu.