Ubani kwa Mvinyo Uliovunda

La kuvunda halina ubani. Wahenga walishatoa hukumu hiyo, na tangu hapo hakuna aliyekata rufaa. Mimi leo naikata. Nimeleta chetezo na makaa, na ninaufukiza hadharani mvinyo ulioharibika: ule unaonuka maboksi yaliyolowa, ule unaonuka siki, ule unaonuka yai viza, ambao mhudumu akiunusa hukunja uso na kuuondoa haraka kabla meza ya jirani haijajua.

Kwa nini huo, na si mvinyo mzuri? Mvinyo mzuri umeshasifiwa mno, nasi tunajua sifa hufanya nini: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Msifu mwenye shamba la zabibu leo, mwakani atapandisha bei, na mwaka wa pili atakuuzia jina tupu. Mvinyo uliovunda hauna hatari hiyo. Umwagie sifa upendavyo, hauwezi kuharibika zaidi ya hapo ulipo. Ni ajabu kwamba watunzi wetu, wanaosifu hata wagombea udiwani, hawajauona.

Tuanze na cheo chake mezani. Katika hoteli zenye vitambaa vyeupe, mhudumu huja na chupa, huonyesha lebo, hung'oa kizibo, kisha humimina vijiko viwili hivi katika glasi ya mwenyeji na kusimama kando, mkono mmoja mgongoni. Meza nzima hunyamaza. Mwenyeji huzungusha glasi, hutazama dari, huonja, kisha husema, "Safi." Wageni hudhani ameulizwa kama ameupenda. Sivyo. Kupenda alikwisha kupenda alipoagiza. Anachoulizwa ni kimoja tu: umeharibika, au ni mzima? Utaratibu wote ule, na ukimya wote ule, umewekwa kwa ajili ya mvinyo mbovu ambao huenda hata haupo. Mvinyo mzuri hapo ni mshtakiwa anayesubiri kuachiwa. Na kwa kuwa wenyeji wengi hawajui wanaulizwa nini, mbovu nao huachiwa huru kila siku, ukanywewa mpaka tone la mwisho kwa heshima zote. Wengine hukabidhiwa kizibo, wakakinusa kwa macho yaliyofumbwa. Kizibo hunuka kizibo. Cha kunusa kimo ndani ya glasi.

Mkuu wa ukoo huu ni mvinyo wenye ugonjwa wa kizibo. Kizibo ni gome la mti, mwaloni wa aina ya pekee unaoota nchi za kando ya Bahari ya Kati, na karibu nusu ya gome hilo duniani hutoka Ureno. Mti haukatwi. Huchunwa gome, ukaachwa miaka 9 uote jingine, ukachunwa tena. Ndani ya gome hilo huishi kuvu wasioonekana kwa macho, nao wakikutana na kemikali zenye klorini, za dawa za kusafishia au za kuulia wadudu, huzigeuza kuwa kitu ambacho wanakemia hukiita trikloroanisoli. Mwaka 1981 mwanakemia wa Uswisi, Hans Tanner, na wenzake walikitambua kuwa ndicho chanzo kikuu cha ile harufu. Harufu gani? Fungua boksi la vitabu lililokaa chini ya paa linalovuja masika nzima, au ingia chumba kilichofungwa muda mrefu, ukute godoro ambalo halijaonja jua. Ndiyo hiyo.

Sasa tazama uwezo wake. Pua iliyozoea kazi hiyo huinasa harufu hii zikiwepo gramu chache tu katika lita bilioni moja. Naomba nionyeshwe tajiri, au hata mwanasiasa, anayeweza kuharibu karamu kubwa namna hiyo kwa mtaji mdogo kiasi hicho.

Hata hivyo, umahiri wake hasa si kunuka. Kemikali hiyo ikiwa chini ya kiasi hicho, hainuki kabisa; inanyang'anya tu. Zabibu husikii, tunda limekwenda, mvinyo umebaki umepooza, na mnywaji anaondoka akilaumu shamba badala ya kizibo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, walionyesha inavyofanya hivyo: molekuli hii huziba njia za kupitishia ishara katika seli za kunusia zenyewe. Haigombani na harufu nyingine. Inakwenda moja kwa moja kwa bawabu wa pua na kumlaza usingizi. Na pamoja na nguvu zote hizo, kwa kiasi kinachopatikana chupani haimdhuru mnywaji. Ni mharibifu asiyemwaga damu, jambo adimu katika zama hizi.

Imefika hata mahali pa kukifukuza kizibo kazini. Wazalishaji wa bonde la Clare Valley, Australia, walichoka kurudishiwa chupa, na katika msimu wa mwaka 2000 wakaungana kufunga mvinyo wao mweupe wa Riesling kwa vifuniko vya kuzungusha. Desturi ya karne kadhaa ikatikiswa na harufu ya boksi.

Wa pili kwa cheo ni mvinyo uliogeuka siki, na kwa huu chetezo kinahitaji makaa ya kuongeza. Bakteria wa jamii ya Acetobacter, wakipata hewa ya kutosha, hukibadilisha kileo kuwa asidi ya siki. Sambamba na kazi hiyo hutokea etili asetati, ile harufu kali ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ukiinusa glasi ukajiona umeingia saluni, basi mgeni huyu ameshafika.

Amefanya makubwa. Mwaka 1863 Napoleon III wa Ufaransa alimwomba Louis Pasteur achunguze kwa nini mvinyo wa nchi yake unaugua, maana biashara ya nje ilikuwa inaona aibu. Pasteur akaenda na hadubini yake Arbois, mji aliokulia, akachunguza mivinyo iliyochacha moja baada ya nyingine, na mwaka 1866 akachapisha kitabu kizima juu ya magonjwa ya mvinyo. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa nyepesi: upashwe moto wa wastani, nyuzijoto 50 na kitu hivi, bila kuchemshwa. Leo jina lake linasomeka kwenye pakiti za maziwa Nairobi na Dar es Salaam. Mzazi anayemmiminia mtoto maziwa ya pakiti bila kuyachemsha ana deni kwa mvinyo uliochacha. Mvinyo mzuri uliisaidia nini sayansi? Ulinyweka, basi.

Huku pwani hatukumngoja Pasteur. Tembo la mnazi likitoka mtini ni tamu, likilala, kali, likiachwa siku kadhaa, siki. Wala hapajaharibika kitu. Siki hiyo huingia kwenye achari na kachumbari, na anayeila hamuulizi mpishi habari za mgema. Fikihi nayo ina neno lake. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mvinyo ni haramu na ni najisi. Lakini ukigeuka siki wenyewe, bila mtu kuutia kitu, hutoharika na kuwa halali. Kileo ambacho kikiwa kizima hakivuki kizingiti, kikiharibika kinakaribishwa jikoni. Nitajieni kiumbe mwingine aliyesamehewa kwa kuharibika.

Wadogo wa ukoo wasisahaulike, ingawa baadhi yao ni wapita njia. Mvinyo unaonuka yai viza mara nyingi chachu yake ilikosa lishe wakati wa kuchacha. Uzungushe glasini upate hewa, huenda harufu ikatoweka. Ikigoma, kuna ujanja wa zamani wa kutumbukiza sarafu safi ya shaba: salfa huishika shaba na kuiachia pua. Mvinyo unaonuka zizi la farasi, au plasta ya kidonda, ni kazi ya chachu iitwayo Brettanomyces, na hapo ndipo unafiki wetu unapoumbuka. Wapo wanaolipa fedha nyingi kwa zizi hilo, mradi lisizidi na shamba liwe la Ufaransa. Chupa ya Dodoma ikinuka hivyo, ni mbovu. Ya Ufaransa ina tabia.

Joto na hewa navyo vina mahakama mbili. Chupa iliyosimama kwenye dirisha la duka, jua la saa nane likiipiga, huishia kunuka jamu iliyoungua na tufaha lililopondeka. Tunasema imekufa. Lakini Wareno wa kisiwa cha Madeira walipakia mapipa yao merikebuni, yakavuka ikweta, yakapikwa na joto miezi kadhaa baharini; waliposikia wateja wanaupenda zaidi ule uliopikika, walianza kuupika kwa makusudi. Mpaka leo wanaupika, na bei yake si ya mchezo. Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka, mkulima anaijua harufu ya uharibifu kabla mvinyo haujazaliwa. Kreti zimewekwa chini ya mti tangu asubuhi, lori halijaja, kivuli kimehama. Punje za chini zimepasuka na kulowesha zilizo jirani, nyigu wameshakusanyika, na ukiinama juu ya kreti siki inakupiga usoni. Hapo pua ya mkulima inamweleza hasara yake mapema kuliko mnunuzi yeyote.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Lebo husema inachotaka mwenye kiwanda. Bei husema inachotaka mwenye duka. Mhudumu ana adabu, na mwenyeji anaogopa kuonekana mshamba. Katika meza nzima, anayesema ukweli bila kuulizwa ni mvinyo uliovunda peke yake. Hausubiri hata umezwe. Unajishtaki ukiwa bado glasini.

Linganisha na mivinyo isiyonuka. Mwaka 1985 ilibainika kwamba baadhi ya wazalishaji wa Austria walikuwa wakitia diethilini glikoli, kemikali ya viwandani, katika mvinyo wao ili uonekane mzito na mtamu. Haukunuka. Ulivuka mipaka, ukauzwa, ukanywewa. Mwaka uliofuata nchini Italia mvinyo wa bei rahisi uliongezewa methanoli ili kupandisha kileo. Zaidi ya watu 20 wakafa, wengine wakapofuka. Na Nairobi, Novemba 2000, pombe haramu yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100, wengi wao wakazi wa vitongoji vya Mukuru. Pua hazikuwaonya, kwa sababu methanoli hunukia kileo tu. Chupa zile ndizo zilizostahili kunuka maboksi, siki, mayai viza na zizi zima la farasi.

Basi mhudumu akikumiminia vile vijiko viwili, achana na dari. Ingiza pua katika glasi kabla ya ulimi, uvute mara moja, kwa kifupi, kwa sababu pua huizoea upesi harufu ya kizibo na kuacha kuisikia. Ukiwa na shaka, iache glasi dakika chache. Yai viza huweza kukimbia, lakini ugonjwa wa kizibo hauponi kwa hewa, huzidi kujitokeza. Ukiwa na hakika, rudisha chupa bila kuomba radhi, na usisubiri iishe nusu ndipo ulalamike. Fanya hivyo kwa chupa ya tatu pia: mkuu wa meza katika arusi ya Kana, kwenye Injili, aliijua desturi ya wenyeji ya kutoa mzuri kwanza, na hafifu watu wakishakunywa vya kutosha. Uliogeuka siki nyumbani kwako usiumwage, mpe mpishi wa kachumbari. Na kinywaji usichojua kimetengenezwa wapi na nani, hata kikinukia namna gani, usikionje.