Shikamoo Mshua, Rudi Nyuma

Msyuuu! Niacheni nifyonye kwanza, maneno yatafuata. Siku hizi kila mwanaume aliyevuka thelathini, akipigwa risasi ya kichwa kwenye PUBG Mobile, anailaza simu kifudifudi juu ya benchi, anashika kiuno na kuanza kutoa ushahidi: "Umri huu, jamani, umri." Umri! Mtu huyohuyo asubuhi alikuwa anabishana na konda kuhusu chenji ya mia mbili, jibu linatoka kabla swali halijaisha. Kidole kimezeeka, mdomo bado uko sekondari?

Hapa kijiweni tunaye mmoja, mhasibu, miaka arobaini na moja, tunamwita Mshua kwa heshima ya kitambi. Jioni akishalegeza tai anaagiza kahawa na kashata, anafungua gemu, anaingia skwadi moja na madogo wa bodaboda. Wakishuka mji wa Pochinki ndani ya gemu, dakika ya tatu yuko chini anatambaa, anaomba kuinuliwa. Dakika ya nne anahutubia. Kwamba enzi zake, kwenye Counter-Strike ya intaneti kafe, hakuna aliyemgusa. Kwamba madogo wana damu changa, macho makali, hawana mawazo. Juzi fundi simu, ambaye husikia kila kitu huku kichwa kimeinamia mashine anayoichomelea, akamkata kauli: "Mshua, usimsingizie umri. Hayupo hapa kujitetea."

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini mimi nikabaki nalo, maana kuna ukweli pande zote mbili na hapa kila mtu anataka kubeba upande mmoja tu.

Wenzetu wamelipima hili jambo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Uingereza, Der na Deary, walichapisha matokeo ya vipimo vya maelfu ya watu wazima. Kipimo cha kwanza rahisi kabisa: ishara ikitokea, bonyeza. Basi hapo kasi ya mtu inakaa karibu palepale mpaka anapokaribia miaka 50. Mmesikia? Hamsini! Mshua ana miaka tisa ya akiba. Kipimo cha pili ndicho kichungu: ishara ziko kadhaa, kila moja ina kitufe chake, chagua upesi. Hapo kushuka kunaanza mapema na kunaendelea utu uzima wote.

Sasa gemu ya bunduki ni kipimo kipi kati ya hivyo? Ni cha pili, tena kibaya zaidi. Hatua za mtu zinasikika kushoto, dirisha la juu limevunjika, mwenzako kaanguka nyuma ya gari, guruneti imetua mlangoni, na duara linakaza. Kidole cha Mshua hakijachelewa hata kidogo. Kilichochelewa ni amri ya kukiambia kifanye nini. Lakini hapohapo ndipo mtu mzima mwenye akili anapojiokoa, kwa sababu anayejua tayari kwamba adui atatokea dirisha lile hana cha kuchagua. Anangoja tu. Amekirudisha kipimo cha pili kikawa cha kwanza, na kwenye cha kwanza hana deni na mtoto wa mtu.

Kule Kanada nako, mwaka 2014, walichunguza rekodi za wachezaji 3,305 wa StarCraft II, wenye miaka 16 hadi 44. Hiyo si gemu ya kufyatuana uso kwa uso, ni ya kuongoza majeshi kutoka juu, ila saa inakimbia vilevile. Wakaona kasi ya kutazama na kutenda inaanza kushuka mtu akiwa na miaka 24. Ishirini na nne! Dogo wa bodaboda aliyekuwa anacheka kuliko wote, ana ishirini na tano, akanyamaza ghafla. Ila watafiti haohao wakasema wakubwa walikuwa na ujanja wao: walitumia njia za mkato na kuzipanga kazi zao vizuri zaidi, wakafidia sehemu ya walichopoteza. Fidia hiyo lakini hailetwi na keki ya siku ya kuzaliwa. Mtu anaitafuta.

Na hapo ndipo ninapofyonya tena. Msyuuu! Mshua haitafuti.

Kwanza, macho. Hili ni la umri kweli, sitabisha. Mtu akiingia miaka ya arobaini lenzi ya jicho inakakamaa na vitu vya karibu vinaanza kufifia. Adui aliyelala kwenye majani ya ramani ya Erangel, kwenye kioo cha inchi sita, ni nukta. Mshua anainyoosha mikono yote miwili, simu iko mbali naye utadhani inanuka, halafu vidole gumba ndivyo vinavyolenga. Dawa yake inauzwa pale kwenye duka la miwani mtaa wa pili. Hataki. Miwani, anasema, itamfanya aonekane mzee. Sasa wewe unalia umri kila jioni, halafu unauficha usoni?

Pili, mtandao. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Hata tukisema seva ya Ulaya iko kilomita 8,000 tu za waya kutoka Dar, kwenda na kurudi ni milisekunde 80, na hapo hatujahesabu mnara wa simu, foleni za njiani wala ile bando ya kuungaunga. Mtu huchukua kama robo sekunde kuona na kubonyeza. Tofauti ya kidole cha miaka ishirini na cha arobaini ni sehemu ndogo ya hiyo robo, na pingi, yaani huo ucheleweshaji wa mtandao wa hapa mtaani, inaimeza yote na chenji haibaki. Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, gemu iligota nchi nzima, unabonyeza leo unafyatua kesho. Siku zile hapakuwa na kijana hapa kijiweni. Wote tulikuwa wastaafu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni muda. Madogo wanapiga mechi tangu abiria wa asubuhi wapungue mpaka chaji inakata. Wakilala, wanaangalia video za wanaocheza vizuri. Wameacha vidole gumba viwili, wanashika simu kwa vidole vinne, viwili vya juu kazi yake kufyatua na kulenga tu. Wamejifunza kuigeuza simu yenyewe ili jairo, kile kihisi cha mwendo cha simu, iwasaidie kutuliza msukumo wa bunduki ya M416. Mshua anaingia kwa dakika arobaini, mara tatu kwa wiki ikiwa bosi hakupiga simu. Mechi ya Erangel ikifika mwisho inakula karibu nusu saa. Duara la mwisho, wamebaki watu watano, jasho linamtoka, mara juu ya kioo: Mama Watoto anapiga. Asipokee? Apokee? Wakati anachagua, kashapigwa. Huo nao ni umri? Hiyo ni ndoa, na watafiti wa Kanada hawakuipima.

Muuza kahawa, ambaye gemu hajui ila mpira anaujua, akachomekea: "Mbona Kaseja walimwita mzee?" Akatukumbusha mwaka 2019, Taifa Stars na Burundi, mechi zimeisha sare mpaka penalti, golini yupo Juma Kaseja, miaka 34, mtu ambaye wengi walishamfuta. Burundi ikatolewa. Vijana wakapiga makofi, Mshua akavimba. Nikamwambia subiri kwanza, usivimbe. Kaseja alirudi akasimama golini. Hakuomba acheze winga.

Maana shida ya washua wengi ndiyo hiyo. Wanataka kurudi kwenye nafasi ileile ya miaka ishirini, mbele kabisa, wa kwanza kuvunja mlango, wapate sifa ya vichwa. Mlango ule ni wa watoto. Tazameni huko juu wanakocheza Counter-Strike kwa mishahara. Kuna mtoto wa Tomsk, Urusi, anaitwa donk, kazaliwa Januari 2007. Mwaka 2024, akiwa na miaka 17, aliibebesha timu yake ya Spirit kombe la Katowice kule Poland, akatajwa mchezaji bora, na Desemba akabeba Major ya Shanghai, moja ya mashindano makubwa kuliko yote ya gemu hiyo, mchezaji bora tena. Nani alikuwa kwenye fainali zote mbili upande wa pili? FaZe, chini ya nahodha karrigan, Mdenishi aliyezaliwa 1990. Hapo watu wa umri wanapiga meza: mmeona?

Nimeona. Nimeona pia kwamba mtu wa miaka 34 alikuwepo fainali. Machi mwaka huohuo alifika nyingine, Major ya Copenhagen, akafungwa na Natus Vincere. Na Mei 2022, Antwerp, akiwa na miaka 32, alibeba yeye. Ukihesabu vichwa, karrigan mara nyingi ndiye wa mwisho kwenye timu yake mwenyewe. Hawamlipi kwa vichwa. Wanamlipa asome mechi, awaambie wanne waliobaki nani aende wapi, lini wasubiri, lini wavamie. Na yule Mbrazili, FalleN, wa 1991? Huyo jina lake lote lilijengwa na bunduki ya mdunguaji, Major mbili za 2016 amezibeba nayo. Mwaka 2025 timu yake, FURIA, ikamleta kijana wa Kazakhstan, molodoy, mzee akamkabidhi bunduki ile, yeye akachukua raifo ya kawaida. Timu ikaanza kukusanya makombe. Mnaelewa uzito wake? Bunduki iliyokupa jina, unampa mtoto, na bado unabaki nahodha. Sijui ni wanaume wangapi mtaani kwetu wanaweza kumpa mtoto hata rimoti ya televisheni.

Huku kwetu tatizo lina mkia mwingine. Kule wanaitana majina ya gemu, umri hauonekani. Hapa maiki ikiwashwa tu sauti inakuumbua. Mshua aliwahi kupangwa skwadi na watu asiowajua, mmoja sauti haijavunjika bado, darasa la sita likizidi. Yule mtoto ndiye aliyekuwa anaongoza, na anaongoza vizuri: "Wewe namba tatu, acha kuluti, hama dirishani, unatuuzia ramani!" Mshua akajibu kwa ile sauti yake ya ofisini. Kimya. Kisha mtoto kwa adabu zote: "Shikamoo." "Marahaba." "Samahani, mshua. Naomba urudi nyuma, tafadhali, unatuuzia ramani."

Hebu fikiria. Shikamoo katikati ya risasi. Mtoto kalelewa, sina neno naye. Mshua ndiye aliyekataa kurudi nyuma. Atarudishwaje nyuma na mtoto? Akabaki dirishani, akafa dirishani, na skwadi nzima ikafuata. Hilo nalo jioni ile alituletea hapa kwa jina la umri. Mimi naliita cheo. Mtu ameshazoea kusikilizwa nyumbani, ofisini, kwenye vikao vya harusi, anadhani hata risasi zitampisha.

Wakati huohuo wapo wazee wa kweli wasio na makuu. Sweden kuna timu iliundwa 2017, Silver Snipers, wastaafu watupu waliocheza Counter-Strike kwa udhamini wa Lenovo. Kocha wao alikuwa Tommy "Potti" Ingemarsson, bingwa wa zamani wa gemu hiyohiyo na mdogo kwa umri kuliko wachezaji wake wote. Bibi mmoja kwenye timu ile alijiita Knitting Knight, mwanajeshi mfuma sweta. Japani nako, mkoa wa Akita, tangu 2021 wapo Matagi Snipers, masharti uwe mzee, wanacheza Valorant, na lengo lao walilitamka bila aibu: wajukuu wawatazame kwa heshima. Bibi wa watu anakaa, anafundishwa na kijana, anarudia zoezi, anakosea, anarudia. Hasemi enzi zangu.

Nilipomaliza kuwaeleza haya Mshua alikuwa ameshaacha kusikiliza. Kumbe muda wote yuko kwenye simu anamwandikia dogo mmoja wa bodaboda aliyekaa hatua tatu kutoka kwake. Anauza akaunti. Ameamua, gemu si ya umri wake, ana mavazi ya bei mle ndani, ana ngozi ya M416 iliyomlia pesa za ada ya mtu, atoe laki moja wamalizane. Dogo akaisoma meseji, akatazama takwimu za akaunti, akatazama tena, akainuka akaja kupokea simu kwa mikono miwili ili ahakikishe.

"Shikamoo, Mshua."

"Marahaba. Laki."

"Elfu kumi na tano. Na hiyo kumi ni ya ngozi, tano ni heshima."

Fundi simu akazima stimu ya kuchomelea, akavuta kigoda. Bei ilikuwa bado haijafika elfu ishirini nilipoondoka.