Sifa za Kontroboksi Iliyojiuzulu

Watunzi wetu wa pwani hawajabakisha kitu. Wamesifu minazi, majahazi, karafuu na kanga za kina mama, na harusi za Kizaramo zina nyimbo za kumsifu mpaka shemeji wa mbali asiyechangia hata kilo ya mchele. Ila sijasikia ubeti mmoja wa kuisifu kontroboksi ya ABS (kompyuta ya breki zinazozuia magurudumu kuganda) iliyokufa ndani ya gari kuukuu. Huo ni uonevu. Mimi, mwenye gari ambalo taa yake ya njano imezoea kuwaka kuliko hata taa za mbele, najitolea kuiondoa aibu hii.

Msifiwa ana ukoo. Ndege zilikuwa na mitambo ya namna yake tangu miaka ya 1950, na mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz wakaiingiza ile ya kielektroniki kwenye S-Class, gari la wakubwa. Kwa kawaida kila gurudumu lina sensa inayosoma meno ya pete ya chuma yakipita. Kontroboksi inalinganisha hesabu za sensa zote. Ikiona gurudumu moja linataka kuganda ilhali gari bado linakwenda, inaamuru valvu zilegeze breki ya gurudumu hilo, kisha zikaze, kisha zilegeze, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Dereva anasikia pedali ikitetemeka chini ya mguu, na usukani bado unamtii. Hayo ndiyo maisha ya ujana ya kontroboksi ya gari langu kule Japani, kwenye lami iliyochorwa mistari.

Kisha gari linauzwa, linapakiwa melini, linashushwa Dar es Salaam, na baada ya wamiliki kadhaa linajikuta Vihingo, wilayani Kisarawe, limebeba magunia ya mkaa na mihogo, na juu yake abiria wawili waliosema wanashuka hapo mbele tu. Huku ndiko fadhila kuu ya kontroboksi inakoonekana. Fadhila hiyo ni kujiuzulu.

Sitanii. Kontroboksi ikigundua kwamba sensa moja imenyamaza, au kwamba betri haitoi umeme wa kutosha, haibishani na ukweli. Inajitoa kazini papo hapo, inawasha taa kwenye dashibodi ili kila aliyemo aone, na inaziachia breki za kawaida ziendelee na kazi kama zilivyofanya kabla yake. Haiundi tume. Haisemi imechafuliwa na mahasimu wake. Haingoji kutumbuliwa. Na kila asubuhi ukigeuza swichi inajipima upya mbele yako. Ikijiona bado haifai, inarudia tangazo lile lile bila kubadilisha neno.

Kwa wanadamu wa nchi hii mifano ya hivyo inahesabika. Unaotajwa zaidi ni wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kutokana na vifo vya watuhumiwa mikononi mwa askari huko Shinyanga, ingawa si yeye aliyemgusa mtu. Ni huyo huyo ambaye, alipokuwa Rais kuanzia 1985, alilegeza breki za biashara ya nje hadi akaitwa Mzee Ruksa, na magari ya mtumba yakapata njia ya kuingia kwa wingi. Kontroboksi yangu basi inafuata mwenendo wa aliyeifungulia mlango.

Tena ni mwalimu. Chukua Toyota nyingi za miaka ya 1990. Chini ya boneti kuna kisanduku cha kupimia. Unaunganisha tundu la Tc na la E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, halafu unakaa kuhesabu taa ya ABS inavyopepesa. Mara tatu, kituo, mara moja: 31, sensa ya mbele kulia. Namba 32 ni ya mbele kushoto, 33 na 34 ni za nyuma. Ikipepesa mfululizo bila kituo, haina lalamiko. Kwenye gereji moja ya Mlandizi nilimwona mama muuza vitumbua akihesabu sahihi wakati fundi na mwenye gari wanabishana kama ni 33 au 43.

Na mara nyingi somo linaishia kwa mshangao, kwamba mshtakiwa hana kosa. Sensa imejaa matope, waya umetafunwa na panya, au fundi wa beringi aliukata alipokuwa akigonga nyundo. Wakati mwingine ekseli ya mtumba iliyofungwa haina kabisa ile pete ya meno. Kontroboksi ilisema kweli, ikapewa lawama ya ugonjwa iliouripoti.

Kwenye baadhi ya magari ya Ulaya, kama Volvo, BMW na Volkswagen za mwishoni mwa miaka ya 1990, ugonjwa huwa ni wake kweli. Imefungwa juu ya pampu yake karibu na injini, na joto na mtikisiko wa miaka mingi hupasua viungo vya risasi kwenye bodi ya saketi. Fundi redio mwenye mkono mtulivu anaitenganisha na pampu bila kumwaga mafuta ya breki, anafungua mfuniko uliogundishwa, anatafuta ufa kwa kioo cha kukuzia, anayeyusha risasi upya na kuziba. Anayekimbilia kununua nyingine ya mtumba ajue kwamba huenda ikaligomea gari lake mpaka iandikishwe kwa mashine.

Wataniuliza: njia zetu za mchanga na changarawe zinaihitaji ya nini? Hapo nina sifa tamu. Gurudumu lililoganda kwenye changarawe husukuma udongo ukajikusanya mbele yake, na kile kichuguu husaidia kulisimamisha. ABS nzima hailiruhusu kuganda, kwa hiyo kwenye udongo uliolegea gari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama, ingawa usukani unabaki na nguvu. Kwa kufa kwake, kontroboksi imejirekebisha iendane na Vihingo. Ni mhamiaji gani mwingine amezoea mazingira haraka hivyo?

Lakini sifa hiyo inaishia pale changarawe inapokutana na lami. Ukishaingia barabara ya Morogoro pale Mlandizi wakati wa masika, una lori la kwenda Tunduma mbele na basi nyuma, mguu ukikanyaga kwa hofu magurudumu yanaganda, na gurudumu lililoganda halisikii usukani. Hapo unakumbuka kwamba aliyejiuzulu kwa heshima ameacha kiti, na kiti hicho hakuna aliyekikalia.

Wenye kuiudhi zaidi kontroboksi ni wale wanaosema, "Bosi, hii taa tunaiua tu, inakusumbua macho." Wanachomoa balbu, au wanabandika plasta nyeusi. Mabingwa wao huunganisha waya wa taa ya ABS na ule wa taa ya chaji ili ziwake na kuzimika pamoja, mnunuzi asishtuke. Huko ni kumfukuza mjumbe na kumwacha mhalifu. Nao wenye Prado na Land Cruiser ambazo breki zake hutegemea pampu ya umeme wasijipakie sifa hizi: kengele ya breki ikilia na pedali ikawa ngumu, huko si kujiuzulu, ni kuondoka na ofisi nzima. Vivyo hivyo kwa gari lolote ambalo taa nyekundu ya breki imewaka pamoja na ya njano. Simama, usiendelee na safari.

Wewe unayekwenda kununua gari la zamani wiki hii, kabla hujagusa rangi wala kusikiliza redio, geuza swichi na utazame dashibodi. Taa ya ABS iwake yenyewe kwa sekunde chache, kisha izimike. Ikibaki inawaka, mshukuru muuzaji kwa ukweli wake na umwombe apunguze bei. Isipowaka kabisa, rudisha funguo.