Huyu Albert Ametuloga

Mtwara ukitaka usikilizwe kijiweni, ongea korosho. Ubwiri unga umeingia, salfa imechelewa, mnada umeahirishwa: hapo utapishwa kwenye benchi na kahawa utanunuliwa. Lete habari ya muhogo ulivyooza, unatazamwa kama mtu aliyekuja msibani kulilia kuku.

Leo nitasema hata nikikosa benchi. Mihogo yetu inaozea ardhini, na mchawi tunamjua kwa jina. Anaitwa Albert.

Kwa msiotoka kusini, Albert ni mbegu ya muhogo. Jina la kizungu, sifa kijiji kizima, ila mbele ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia hana kinga hata ya kusingizia. Watafiti wakitaka mmea wa kuonyesha ugonjwa huo ulivyo mkali, wanampanda yeye. Amekuwa kielelezo cha kuugua, na sisi bado tunagombania pingili zake.

Ugonjwa wenyewe ni mnafiki. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, angalau ina uungwana, inalikunja jani na kulitia mabaka mpaka mpita njia anakupa pole. Michirizi inagusa jani la chini kwa unjano kidogo kandokando ya mishipa, unasema jani limezeeka tu. Shina refu, limenyooka, unalipiga picha na kumtumia shemeji Dar ajue ukulima ni kipaji. Siku ya kung'oa ndipo unapopasua mzizi ukakutana na mabaka ya kahawia, makavu, magumu, kisu kinakwama. Mke wangu huchonga palipoharibika na kubakiza peupe. Mzizi wa urefu wa mkono unaishia kikombe cha chai.

Ni virusi, na mbebaji ni nzi mweupe, yule kadudu anayepeperuka ukitikisa majani. Lakini nzi mweupe hana baiskeli. Jirani yangu anayo. Kila msimu mzee huyu hukata miti ya Albert, akaifunga mafungu na kuisambaza mtaani bure, mpaka mlangoni. Nikajikaza siku moja: "Babu, miti hii si imetoka kwenye mashina yaliyooza?"

"Mjukuu wangu, kilichooza ni mzizi. Mimi nimekuletea mti."

Sasa hapo unajibu nini? Dawa ya kupuliza haipo, na salfa ya mikorosho haisaidii kitu. Ni kung'oa wagonjwa na kupanda mbegu safi inayostahimili.

Na mbegu za kustahimili zimetafutwa toka enzi za Mwingereza. H. H. Storey alieleza ugonjwa huu mwaka 1936 akiwa kituo cha Amani, kule Usambara. Hapo Amani wakauzalisha muhogo na mti wa mpira wa Ceará, huu huu tunaouchumia kisamvu cha mpira nyuma ya nyumba, kisha watoto wakarudishwa kwa muhogo tena na tena. Mmojawapo akaandikwa 46106/27. Pwani ya Kenya wanamwita Kaleso, huku kwetu ni Namikonga. Mama mkwe wangu kisamvu cha mpira anakifuta mpaka sufuria inang'aa, lakini mtajie Namikonga, mjukuu wa mti ule ule, midomo inapinda. Hajauonja muhogo wenyewe.

Watafiti wakaona yaishe, wakamwoza Namikonga kwa Albert. Watoto wao wakapandwa Naliendele, hapo nje kidogo ya mji, na Chambezi kule Bagamoyo, ili ijulikane kinga inakaa wapi kwenye chembe za urithi. Kazi ya kuchosha hiyo: kila punje ya muhogo inatoa mmea wenye tabia zake, basi unapanda ukoo mzima, unauguza, unafukua, unaonja, wengi unawatupa. Aliyebaki unamkata pingili chache, unangoja msimu mwingine. Halafu unampelekea mkulima, naye anauliza kama hamna Albert.

Mimi nimepanda Kiroba. Hii mbegu imegeuza mambo: majani yake yanaweza kuonyesha ugonjwa, ila mizizi haiozi ovyo kama ya Albert. Kwangu hilo linatosha, maana majani sipeleki kwenye kikaango. Tatizo ni kwamba wanaopita barabarani wanakagua majani.

Mzee akapita. Akashika jani lenye unjano, akaligeuza, akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, umeuziwa ugonjwa."

Nikamweleza habari ya mizizi, nikakaribia hata kumtaja Storey. Akanisikiliza kwa huruma, kisha akaondoka. Kesho yake natoka mjini nakuta kando ya uzio kumechimbuliwa vizuri, pingili zimechomekwa mstari mzima, na mke wangu ananawa mikono.

"Babu kaleta Albert," akasema. "Kasema tusikate tamaa."