Herufi N Iliyoibwa

Mwalimu wa Kiingereza huanza kwa upole: mbele ya a, e, i, o, u weka "an", kwingine kote weka "a". Watoto wanaimba, wanapiga makofi. Ndipo linapoingia neno "university", u yake mchana kweupe, nalo linadai "a" kwa sababu mdomoni linatoka na "yu". "Hour" lina h ya pambo tu, basi linataka "an". Kumbe mwamuzi ni sikio, si jicho. Ila wimbo umeshakaririwa.

"Herb" ndiyo kiboko. Mwingereza huliwekea "a" kwa kuwa h yake anaitamka. Mmarekani huliwekea "an" kwa kuwa yake kaimeza. Mtahiniwa wa Kibaha amfuate nani?

Na wenyewe hawakuwa makini kihivyo. Aproni ya jikoni zamani iliitwa "napron". Wakatamka "a napron" harakaharaka mpaka n ikahamia kwa jirani, ikawa "an apron". Nyoka "nadder" naye akanyang'anywa n yake vivyo hivyo, akabaki "adder". Karne zimepita, hakuna aliyezirudisha, na kalamu nyekundu bado wameishika wao.